Simu Haimfundishi Mtoto wa Miezi Sita

"Daktari, nimwekee katuni zipi ili awe na akili?" Swali hili naulizwa kliniki kila mara, na mtoto mwenyewe bado hajaweza hata kukaa. Jibu ni moja: usimwekee zozote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 uko wazi: mtoto ambaye hajatimiza mwaka hashauriwi kuwekewa skrini kabisa.

"Lakini akiiona simu anatulia!" Anatulia kwa sababu picha zinazopita haraka zinamnasa macho. Kunaswa macho si kujifunza. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto wa miezi tisa waliokulia kwenye Kiingereza. Kundi moja lilichezewa na kusomewa kwa Kichina na mtu aliyekuwa nao ana kwa ana, vipindi 12. Kundi jingine lilioneshwa mambo hayohayo kwenye video. Wa kwanza waliweza kutofautisha sauti za Kichina. Wa video hawakuambulia kitu. Zile video za watoto wachanga za Baby Einstein nazo, ambazo wazazi wengi walizinunua kwa matumaini hayohayo ya kumpa mtoto akili, ziliishia kwa Disney, kampuni iliyoziuza, kukubali mwaka 2009 kuwarudishia wanunuzi fedha zao.

Mtoto hujifunza kwa kujibiwa. Akisema "ba", ukamgeukia na kumwambia "baba? Baba yuko wapi?", anagundua kwamba sauti yake ina kazi. Anafuata macho yako yanakoelekea, anaunganisha neno na kitu. Simu haimsubiri amalize, haimjibu alichosema, wala haijui kama amechoka. Nawasihi wazazi, acheni kununua vifurushi vya intaneti kwa ajili ya ubongo wa mtoto.

Chezeni naye. Mlaze kifudifudi kwenye mkeka akiwa macho, kidogokidogo, hadi ifike nusu saa kwa siku. Jifunike uso kwa khanga, kisha jifunue. Mpe sufuria na mwiko agonge. Akikaribia miezi minane, ficha kijiko chini ya kitambaa huku anaona, akitafute. Ukimwogesha, mtajie mkono, mguu, tumbo. Mwimbie. Akibwabwaja, nyamaza kwanza, kisha mjibu. Ondoa kila kidude kinachoweza kumpalia. Haya hayahitaji muda wa pekee. Yafanye ukimlisha na ukimbadilisha nepi.

Kama dada wa kazi ndiye anayeshinda naye, mwoneshe michezo hii kwa vitendo, usimwachie maagizo ya uji na usingizi peke yake. Na mtoto wa miezi sita asiyegeukia sauti, au wa miezi tisa asiyebwabwaja, mlete kliniki wiki hiihii. Ukiambiwa "atachangamka tu akikua", usikubali kusubiri: tatizo la kusikia likigundulika mapema, tunaweza kumsaidia sana.