Asilimia 0.6: bei ya bahati katika mchezo wa bure

Mchimbaji wa Kolwezi, Kongo, hauzi gunia kabla ya kujua jiwe lake lina nini. Pale Musompo, kwenye depo za wanunuzi, ugomvi huanzia kwenye Metorex, mashine inayosoma asilimia ya shaba au kobalti ndani ya jiwe. Namba ikipungua hata kwa nusu asilimia, sauti hupanda. Wapo wanaopakia mawe yao upya wakayapeleka kwa mnunuzi wa pili na wa tatu, wakitafuta mashine wanayoiamini.

Kijana mmoja anayebeba magunia huko nilimkuta jioni kwenye kabini, kibanda cha simu katika mtaa wa Manika, akinunua sarafu za mchezo wa mpira wa kwenye simu. Mchezo wenyewe ni wa bure. Sarafu hufungua paketi, na ndani ya paketi anaweza kutoka nyota, au mchezaji ambaye hata benchi hatakaa. Kijana hana kadi ya benki, lakini mama wa kabini anamjua mwenye nayo. Skrini inaandika dola 0.99, yaani kama faranga 2,800 kwa kiwango cha mwanzoni mwa 2025. Mama anapokea 4,000, kwa sababu mwenye kadi naye hali hewa. Nikamwuliza kijana, paketi hiyo ina asilimia ngapi ya nyota?

"Papa, ile ni bahati tu."

Lakini asilimia ipo, na imeandikwa. Tangu Desemba 2017 Apple inadai kila mchezo unaouza masanduku ya bahati, kama paketi hizo, katika duka lake utaje uwezekano wa kupata kila aina ya kitu kabla mtu hajalipa. Nitachukua Genshin Impact, mchezo wa Kichina uliotoka Septemba 2020, kwa kuwa hesabu zake ziko wazi kuliko za wengi. Uwezekano wa kupata shujaa wa nyota tano kwa jaribio moja ni asilimia 0.6.

Kwa mtu wa hapa kwetu namba hiyo inasema kitu. Kamoa-Kakula, mgodi ulio magharibi mwa mji, mwaka 2022 ulisaga mawe yenye zaidi ya asilimia 5 ya shaba. Jiwe la 0.6 mchimbaji wa mkono hataliinamia. Na hilo jiwe bovu bado ni afadhali, kwa sababu tani yake moja ina kilo sita za shaba, leo na kesho, kwako na kwa jirani yako. Bahati haigawanyiki hivyo. Watu 100 wakijaribu mara 90 kila mmoja kwa asilimia 0.6, kama 58 kati yao watatoka mikono mitupu.

Ndiyo maana mchezo umewekewa dhamana: jaribio la 90 lazima litoe nyota tano. Ila anaweza asiwe yule unayemtaka. Akitoka mwingine, unaanza kuhesabu tena, na safari hii wako ni lazima. Mwisho mbaya kabisa, basi, ni majaribio 180. Dhamana inaonekana kama huruma, nami naiona ndiyo mtego wenyewe. Aliyechimba shimo mita 20 bila kufika kwenye mshipa hawezi kuliacha kirahisi, kwa sababu zile mita 20 ndizo zinazomvuta.

Sasa bei. Jaribio moja hugharimu vito 160. Kifurushi kikubwa cha dola 99.99 hutoa vito 8,080 pamoja na nyongeza, kwa hiyo jaribio ni karibu dola 2, na majaribio 180 ni dola 356. Lakini nani Manika ananunua kifurushi cha dola 100? Kidogo kabisa ni vito 60 kwa dola 0.99, na anayenunua hivyo atahitaji vifurushi 480, dola 475. Ni hesabu ileile ya unga wa bukari: anayenunua kwa kipimo cha meka hulipa zaidi kuliko anayebeba mfuko mzima, na anayenunua kwa meka ndiye asiye na hela ya mfuko. Pitisha vifurushi hivyo 480 kwenye kabini kwa 4,000 kila kimoja: faranga 1,920,000.

Mshahara wa chini kisheria ulipandishwa mwaka 2025 kutoka faranga 7,075 kwa siku hadi 14,500. Gawanya ile 1,920,000 kwa 14,500, utapata siku 132. Kwa siku 26 za kazi kila mwezi, ni miezi mitano bila kula, kwa ajili ya picha moja inayotembea kwenye kioo. Kipimo kingine ni cha shirika la RAID la Uingereza na CAJJ ya hapa Kolwezi, waliokadiria mwaka 2021 kwamba familia mjini hapa inahitaji dola 402 kwa mwezi ili kuishi kwa heshima. Hata yule wa bei nafuu, mwenye kifurushi kikubwa, akikumbwa na mwisho mbaya, shujaa mmoja anameza karibu mwezi mzima wa familia.

Wengi hawalipi chochote, na hilo ni kweli. Kampuni ya Swrve ilipima michezo ya aina hii mwaka 2014 ikakuta nusu ya mapato inatoka kwa asilimia 0.15 ya wachezaji. Utafiti wa Uingereza wa 2021 uliangalia masanduku ya bahati peke yake: asilimia 5 ya wanunuzi ndio walioleta nusu ya fedha, na karibu theluthi moja yao walikuwa na dalili za uraibu wa kamari. Ndivyo biashara ya vitu vya bure inavyokusanya zaidi ya dola bilioni 80 kwa mwaka duniani, wakati bajeti ya nchi yetu ya 2025 ilikuwa kama bilioni 18.

Ubelgiji, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, iliamua Aprili 2018 kwamba masanduku ya namna hii ni kamari. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilikubaliana na wenye Genshin walipe dola milioni 20, na ikawataka waonyeshe wazi sarafu zao ni sawa na fedha halisi kiasi gani. Sharti hilo la pili ndilo ninalolitaka hapa kuliko faini. Fedha inapobadilishwa kuwa fuwele za mchezo, fuwele kuwa kito, kito kuwa jaribio, bei inapotea njiani. Kongo ina Kanuni ya Kidijitali tangu Machi 2023, kwa hiyo mahali pa kuiandikia papo: jaribio moja, faranga ngapi, dhamana nzima, faranga ngapi.

Mama wa kabini ana daftari, kwa sababu wengine huchukua kwa deni. Nilimwomba kijana akisie ametumia kiasi gani mwezi ule. Akasema elfu ishirini, labda ishirini na tano. Mama akafungua ukurasa wake, akahesabu vijiti kwa ncha ya kalamu, taratibu, midomo ikicheza. Vilikuwa 37. Faranga 148,000, siku kumi za mshahara wa chini wa 2025. Kijana alilivuta daftari karibu na tochi ya simu yake, akavihesabu mwenyewe, kisha akavirudia kuanzia juu.