Watoto waliouawa kwa risasi: tusome vipi hesabu za serikali?

Hapa Tenke, katika mazungumzo yetu na familia zilizokimbia vita, swali moja hurudi mara nyingi: ikiwa ripoti inataja watoto wachache, wale tuliowazika hawakuhesabiwa?

Serikali huhesabu kile kilichoandikwa. Nchini Kongo, hesabu ya mwisho ya watu wote ilifanyika mwaka 1984. Uchunguzi wa 2013-2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 25 tu ndio walioandikishwa etasivili. Mtoto ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikwa, kifo chake nacho hupotea kwa urahisi. Aliyezikwa njiani hakupita hospitali wala ofisi. Na aliyefika hospitali, akafa wiki tatu baadaye kwa kidonda kilichooza, anaweza kuandikwa kuwa alikufa kwa homa.

Umoja wa Mataifa una njia yake, iliyowekwa na azimio 1612 la mwaka 2005. Inahesabu watoto waliouawa au kulemazwa vitani, iwe kwa risasi, bomu au panga, lakini habari zilizothibitishwa tu. Kwa hiyo idadi hiyo ni kiasi cha chini. Baada ya mauaji ya Kilwa, Oktoba 2004, wachunguzi wa MONUC walitaja watu wasiopungua 73. Neno "wasiopungua" maana yake: hawa tumewahakikisha, wengine wanaweza kuwepo.

Lakini tusiongeze hesabu. Mtoto mmoja akitajwa na mjomba, chifu na mchungaji, bila majina huwa watoto watatu. Uvumi huo huwasukuma vijana kulipiza kisasi, na jina moja la uongo linaweza kuharibu kesi ya familia zote.

Tunawaomba viongozi wafanye hivi:

- Andikeni jina, umri, wazazi, siku, mahali, namna mtoto alivyokufa, na nani aliona.
- Tenganisheni "tuliona" na "tulisikia".
- Ombeni kwanza ruhusa ya familia, na fichani daftari mahali salama.
- Linganisheni madaftari na viongozi wengine, ili mtoto asiandikwe mara mbili.

Siku wachunguzi au hakimu watakapouliza, mtakuwa na majina ya kuwaonyesha.