Mkono ukiumia kazini, toa taarifa mapema

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza nawe uliyeko Nakivale, Kyangwali au kambi nyingine ya Uganda, hasa kama unakwenda leja-leja kwenye kinu cha mahindi, kwa seremala au kwenye matofali. Mkanda wa kinu huvuta mkono wa shati, na msumeno huteleza. Kabla hujajua kinachotokea, damu inatoka.

Kwanza damu izuiwe. Bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya kifua, vua pete kabla vidole havijavimba. Usipake majivu wala udongo. Halafu nenda kituo cha afya, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda hata kama jeraha ni dogo.

Baada ya hapo wengi hunyamaza. Mtu anafunga kidole, anarudi nyumbani, anaogopa kwamba akisema atanyimwa kazi kesho. Wengine hudhani sheria ya fidia ni ya wenyeji tu. Sivyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi. Nayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamhusu mtu anayelipwa kwa kazi inayofanywa kwa ajili ya biashara ya mwajiri, hata kama mlikubaliana kwa mdomo tu.

(Muziki mfupi.)

Kuna jambo moja la kushika sana: mwezi mmoja. Mwajiri apate taarifa ya ajali ndani ya mwezi mmoja tangu siku ulipoumia. Ukichelewa, madai yako yanaweza kukwama, isipokuwa ionekane kwamba mwajiri alikuwa anajua tayari. Kwa hiyo mwambie siku hiyo hiyo, mbele ya mtu mwingine. Kama unaweza, andika karatasi fupi yenye tarehe, mahali, mashine iliyokuumiza na majina ya waliokuwepo, nawe ubaki na nakala. Hujui kuandika? Mwombe mwanao au jirani.

Msimamizi anaweza kukuambia, "Ni kosa lako, uliweka mkono vibaya." Usikate tamaa kwa neno hilo. Uzembe wa mfanyakazi peke yake hauondoi fidia. Kinachoiondoa ni kama mtu alijiumiza kwa makusudi.

Sasa, nini kinafuata? Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa afisa wa kazi wa wilaya. Akikataa, nenda mwenyewe: mtu wa Nakivale aulize makao ya wilaya ya Isingiro, wa Kyangwali aulize Kikuube. Daktari atakupima na kuandika umepoteza uwezo kiasi gani. Jeraha lililokuweka nje ya kazi chini ya siku tatu mfululizo halina fidia, lakini kidole kilichokatika au kilichokakamaa ni jambo jingine.

Hesabu yake si ngumu. Mtu aliyepoteza uwezo wote wa kufanya kazi hupewa mapato ya miezi 60. Aliyepoteza sehemu hupewa sehemu ya kiasi hicho. Tuseme unapata shilingi 200,000 kwa mwezi, na daktari ameandika asilimia 10. Miezi 60 ni shilingi 12,000,000. Asilimia 10 yake ni 1,200,000. Gharama za matibabu ni juu ya mwajiri, nazo hazikatwi humo.

Ukiona hesabu hiyo utaelewa kwa nini bosi wengine huja hospitalini na shilingi 50,000 na karatasi ya kutia sahihi. Pesa ya dawa ipokee. Karatasi usiitie sahihi wala dole gumba, mpaka afisa wa kazi akueleze kilichoandikwa kwa lugha unayoielewa.

Kwenda kwa afisa, chukua kitambulisho cha mkimbizi, karatasi za kituo cha afya, nakala ya taarifa yako, na namba ya simu ya mtu aliyeona ajali. Kama nauli haipo, anza kwenye ofisi ya kamanda wa kambi, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, uombe wakuelekeze.

(Muziki wa kufunga.)