Tenga la Soko na Chungu cha Nyumbani

Magari yanayoshuka kutoka Mgeta na Nyandira hubeba kabichi, karoti na njegere kwenda masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Fedha hiyo inahitajika. Hata hivyo, familia inaweza kuuza matenga ya mboga huku mtoto wake akishindia ugali na mchuzi mwepesi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 10 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 3 wamedumaa. Mtoto anaweza kushiba kila siku na bado akakosa vitamini na madini. Akikosa vitamini A, macho hushindwa kuona giza linapoingia. Mama mjamzito akikosa madini ya chuma, hupungukiwa damu.

Bustani ya nyumbani

Tuta moja la mita 1 kwa 3 karibu na jiko latosha kuanzia. Milimani, tuta likatize mteremko ili mvua za masika zisichukue udongo. Changanya samadi iliyooza vizuri, kisha panda mchicha, mnafu, matembele na maboga. Mchicha huwa tayari baada ya wiki 3 hadi 4. Funika udongo kwa majani makavu ili utunze unyevu wakati wa kiangazi, na zungushia uzio kuzuia kuku. Walioko mjini wanaweza kupanda kwenye gunia la udongo na samadi.

Ikiwa shamba la biashara limepigwa dawa, usichume mboga kabla siku zilizoandikwa kwenye kibandiko hazijaisha.

Jikoni

1. Osha mboga kabla ya kukata.
2. Pika kwa muda mfupi na maji kidogo. Usitie magadi, kwani huharibu vitamini.
3. Tia mafuta kidogo au karanga. Vitamini A huhitaji mafuta.
4. Kamulia limau, nawe uache chai isinywewe pamoja na chakula. Limau husaidia mwili kupata madini ya chuma, chai huzuia.
5. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa kuwa kibichi kina sumu.

Mtoto akitimiza miezi 6, pamoja na maziwa ya mama, apewe mboga zilizopondwa laini, maharage na yai likipatikana.

Kazi hii si ya mama peke yake. Baba akichimba tuta na watoto wakamwagilia, mboga haitakosekana. Kabla tenga halijafungwa kwenda sokoni, fungu la kwanza liingie chunguni.