Dhalimu Hazaliwi, Hulelewa

Jioni moja mjini Moshi tuliketi pamoja na vijana wa kazi kuitazama filamu ya Kimarekani iitwayo The Hunger Games: The Ballad of Songbirds & Snakes, iliyotoka mwaka 2023. Ilitengenezwa baada ya nyingine nne, lakini yasimulia mambo ya miaka 64 kabla yake. Katika nchi ya kubuniwa, Panem, mji mkuu uliwashinda watu wa wilaya walioasi. Kila mwaka vijana 24 wa wilaya hizo huchukuliwa wauane hata abaki mmoja, ili pasiwe na wa kuthubutu tena.

Sifa yake kubwa ni hii. Coriolanus Snow, aliye Rais dhalimu katika filamu za kwanza, hapa ni yatima wa miaka 18, mwenye njaa, afichaye umaskini wa nyumba yake. Hakuamka siku moja akawa katili. Alianza kwa hila ndogo ili apate tuzo. Mwisho akamsaliti rafiki yake hata akanyongwa, naye akapanda cheo. Viola Davis naye acheza vema sana kama mwalimu amfundishaye kwamba binadamu ni mnyama wa kutawaliwa kwa hofu.

Lakini kasoro zipo. Filamu ni ya dakika 157, na bado sehemu ya mwisho yapita mbio, hata moyo wa Snow wageuka kabla hatujaelewa. Kubwa zaidi, twaijua njaa ya Snow, wala hatuijui vizuri dhuluma iliyowafanya watu wa wilaya waasi.

Katika Wilaya ya 12, mtu aliyehesabiwa mwasi anyongwa mtini mbele ya umati. Mtu wa Kilimanjaro hawezi kuuona mti ule asikumbuke Old Moshi, ambako Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine. Kichwa chake chasemekana kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka mingi.

Ndugu zetu, itazameni filamu hii, mpate kuitambua hila ndogo ingali ndogo. Kisha pandeni Old Moshi mkawaulize wazee habari za mti wetu. Kisa cha dhalimu hakikosi msimulizi. Cha walionyongwa kimo vinywani mwa wazee, na wazee wanapungua.