Wayahudi na udongo wa watu weusi waliouawa Marekani

Leo twende Marekani, mji wa Marietta, jimbo la Georgia. Pale pana kibao cha kumbukumbu ya Leo Frank, Myahudi aliyekuwa meneja wa kiwanda cha penseli mjini Atlanta. Mwaka 1913 alihukumiwa kifo kwa kumuua binti wa miaka 13 aliyekuwa mfanyakazi wake, kesi ambayo wanahistoria wengi wanaona alisingiziwa. Gavana akambadilishia adhabu iwe kifungo cha maisha. Agosti 1915 kundi la watu likamtoa gerezani usiku, likampakia kwenye gari mpaka Marietta na kumnyonga mtini. Magazeti yetu yangeandika "wananchi wenye hasira kali", lakini hasira gani hiyo yenye mpango na magari? Vigogo walikuwemo, hadi gavana mstaafu. Hakuna aliyeshtakiwa.

Wayahudi wangeweza kumlilia mtu wao basi. Lakini mwaka 2018 hapohapo pakawekwa kumbukumbu nyingine, ya maelfu waliouawa na umati kote Marekani. Na wengi wa hao ni weusi. Shirika la Equal Justice Initiative la Montgomery, Alabama, limehesabu zaidi ya 4,400 kati ya 1877 na 1950.

Shirika hilo ndo lenye ile kazi ya udongo. Wenyeji wanaunda kamati, watu wa makanisa, masinagogi, walimu na wengineo, wote wa kujitolea. Wanapekua magazeti ya zamani mpaka wajue mtu aliuawa wapi. Wanakwenda pale na koleo, kila mmoja anachota udongo kidogo na kuutia kwenye chupa kubwa ya kioo yenye jina la marehemu, mahali na tarehe. Chupa nyingi ziko kwenye makumbusho ya Montgomery. Nyingine jina halipo, zimeandikwa tu hajulikani.

Kwa Myahudi kazi hii si ngeni. Kwao kumzika maiti asiye na ndugu ni wajibu mzito, manake huo ni wema ambao marehemu hawezi kuulipa. Hata sala yao ya wafiwa, Kaddish, haisomwi na mtu peke yake, lazima watimie watu wazima kumi.

Ila tusidanganyane, historia yenyewe ina doa. Mahakamani mawakili wa Frank walimtetea kwa kumshambulia shahidi mweusi kwa maneno ya kibaguzi kabisa. Na Wayahudi wengi wa kusini walikaa kimya miaka yote ya ubaguzi, wakiogopa yasiwakute ya Frank. Kwa hiyo mtu mweusi akiuliza "mlikuwa wapi siku zote?", ana haki.

Mimi naona siku ya kuchota udongo wajukuu wa marehemu waongee kwanza, na kwa muda wautakao. Wengine washike koleo. Mwenye mawazo tofauti atupie hapo chini, ila matusi hapana.