Ki- (mwanzo wa neno)

Ki- ni silabi inayoanzisha maneno mengi ya Kiswahili. Mara nyingi ni kiambishi cha ngeli ya ki-vi, ila kuna maneno ya mkopo yaliyokuja nayo kutoka lugha ya asili.

Katika bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro, silabi hii inaonekana kwenye majina mengi ya kata: Kibaoni, Kiberege, Kidatu, Kikwawila, Kisawasawa. Hayafanani kwa maana. Kibaoni, kata ya mji wa Ifakara (ipo nyingine ya jina hilo mkoani Katavi), ni "kibao" pamoja na -ni ya mahali. Shina ni lile la ubao na mbao. Kibao chaweza kuwa bango dogo la kuonyesha njia, kigoda cha kukunia nazi, kofi la usoni, au wimbo uliovuma. Na watu wakiwa "kibao" ni wengi. Kisawasawa ni neno la Kiswahili lenye maana ya "ipasavyo". Hapo ki- huonyesha namna ya kutenda. Majina yaliyotoka katika lugha nyingine za wenyeji, kama Kipogoro na Kindamba, hayafai kufasiriwa kwa kamusi ya Kiswahili tu.

Maneno ya kigeni yanayoanza kwa sauti hiyo mara nyingi huvutwa ndani ya ngeli. Kitabu ni neno la Kiarabu ambalo k yake ni sehemu ya mzizi, hata hivyo wingi wake ni vitabu. Kutoka Kiingereza, agizo la barabarani kwa madereva wapite kushoto lilizaa kipilefti, yaani mzunguko wa njia panda, na wingi vipilefti. Kioski hufanya vioski. Kilo imekataa: husemwa kilo mbili, kamwe si "vilo viwili".

Mvuto huu hufanya kazi kinyume pia. Virusi, neno la Kilatini lililopitia Kiingereza, lilisikika kama wingi, hivyo likapatiwa umoja: kirusi. Hilo nalo linagongana na Kirusi, lugha ya Urusi, na katika maandishi herufi kubwa ndiyo huyatenganisha. Ruhusa ya kuingia nchi ya kigeni ikiandikwa "visa" hufanana na wingi wa kisa, yaani mkasa. Tahajia "viza" huondoa utata huo.